Irakoze, jina la shukrani

Kila afanyaye biashara kati ya Manyovu na Mugina analijua neno "urakoze", yaani asante. Ondoa u, weka i, unapata Irakoze, jina wanaloitwa wasichana na wavulana wengi wa Burundi siku hizi. Katika darasa langu hapa Nyanza-Lac wamo wanne.

Niruhusiwe kufundisha kidogo. Hiyo i inasimama badala ya Imana, yaani Mungu, ingawa hatajwi. Maana yake ni "Mungu, asante". Ndivyo yalivyo pia Iradukunda, Mungu anatupenda, na Ishimwe, Mungu asifiwe.

Wazee nao walimtaja Mungu. Hakizimana na Ndikumana si majina ya jana. Lakini kwa kuwa kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, mzazi aliweza kulitumia kumpelekea jirani ujumbe. Mimi naitwa Nzikobanyanka: najua kwamba wananichukia. Baba alinipa jina hilo mwaka 1981 huko Ulyankulu, Tabora, miaka 9 baada ya kukimbia mauaji ya 1972. Shuleni wenzangu waliitwa Shida na Tabu, hivyo sikuona ajabu.

Tulirudi mwaka 2008. Shamba la baba tulikuta linalimwa na familia nyingine. Nilipokwenda kujitambulisha, yule bwana alilisikia jina langu, akatazama chini, akanyamaza. Siku hiyo nilielewa kwamba nilikuwa nimebeba ugomvi ulioanza kabla sijazaliwa.

Mwaka uliofuata mke wangu alijifungua msichana. Nikasema ataitwa Irakoze. Baba akakataa.

"Asante ya nini? Tunalala chini ya turubai."

Nilimjibu kwa heshima kwamba, mzee wangu, mtoto huyu hajanyang'anywa kitu na mtu yeyote. Hakuridhika. Kwa miaka miwili alimwita mjukuu wake "mama" tu.

Mwaka 2011 tulikubaliana na ile familia kugawana shamba nusu kwa nusu. Baba alilalamika sana, kisha akachukua jembe. Tulipong'oa mihogo ya kwanza, alijaza kikapu, akamwita mtoto.

"Irakoze, twende tuwapelekee hawa jirani."

Basi, ndugu msomaji unayetafuta jina, hasira yako ni haki yako. Lakini atakayeitikia jina hilo darasani, sokoni na mpakani ni mtoto.