Je, Wajua? Uhuru Iliruka Kutoka Bahari ya Ngomeni

Kaskazini ya Malindi, mbele ya kijiji cha Ngomeni katika ghuba ya Ungwana, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini kwa miguu mirefu. Mgeni hudhani ni ya wachimba mafuta. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka hapo ikiwa na setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo NASA, aliipa jina Uhuru.

Wamarekani wana viwanja vyao Florida. Kilichowaleta huku, tena wakawaachia Waitaliano waliokuwa wakiyaendesha majukwaa hayo kazi ya kurusha, ni ikweta. Jukwaa la kurushia, liitwalo San Marco, liko nyuzi 3 tu kusini yake. Hapo dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huipata kasi hiyo bure. Kwa Scout, roketi ndogo, hiyo si haba. Kisha setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hulikwepa eneo la mionzi mikali lililo juu ya Atlantiki ya Kusini, ambalo lingevuruga vipimo vyake. Profesa Luigi Broglio wa Roma alikwisha kuijua faida ya mahali hapo: Aprili 1967 alirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa hilohilo.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Angahewa huzizuia eksirei hizo zisitufikie (nasi tushukuru), kwa hiyo kabla yake wanasayansi walitegemea roketi zilizochungulia juu kwa dakika chache na kuanguka. Uhuru ilikaa huko miaka zaidi ya 2, ikijizungusha taratibu, duru moja kila dakika 12 hivi, huku ikipekua anga kipande kwa kipande. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Kimoja, Centaurus X-3, kilitoa mpigo wa eksirei kila baada ya sekunde 4.8: nyota ya nyutroni inayomfyonza mwenzake kama kupe. Vipimo vyake vya Cygnus X-1 navyo viliwasaidia wanaastronomia kufikia kauli kwamba pale pana shimo jeusi. Riccardo Giacconi, kiongozi wa utafiti huo, alipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

San Marco ilirusha setilaiti yake ya mwisho Machi 1988. Setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilipoondoka California Aprili 2023, wapo waliouliza kwa nini haikurushwa Ngomeni. Hata kama jukwaa lingekuwa tayari, Taifa-1 ilipangiwa kupita karibu na ncha za dunia, na kwa njia hiyo msukumo wa ikweta haufai kitu.