UA LISILOOGOPA KIANGAZI

Katika mbuga pana zilizo katikati ya Marekani huota ua liitwalo ekinasia. Ni la jamaa moja na alizeti na pareto. Vijani vyake vya rangi ya zambarau huinama chini, na katikati pana kichwa kilichotuna chenye miiba midogo. Kwa sababu ya miiba hiyo mtaalamu wa mimea Conrad Moench, mwaka 1794, alilipa jina litokanalo na neno la Kiyunani lenye maana ya kalunguyeye.

Siri yake imo ardhini. Aina yenye majani membamba hushusha mzizi mmoja mnene upitao futi 5, na udongo wa juu ukaukapo, mzizi huo hunywa maji ya chini. Wakati wa baridi shina hufa, lakini mzizi hubaki hai na kuchipua tena, wala mtu hana haja ya kupanda kila mwaka.

Lakini mmea huu hautaki haraka. Mbegu zake huota vizuri zaidi zikipata kwanza baridi na unyevu kwa majuma kadhaa. Ndiyo sababu wakulima wa huko huzipanda kabla ya majira ya baridi. Mara nyingi maua huonekana mwaka wa pili au wa tatu. Wengi huchoka kungoja, wakang'oa wakidhani mbegu ni mbovu. Wengine huua mmea kwa wema: mche mchanga wahitaji maji, kweli, bali ukikomaa, maji yakituama huozesha mzizi, na samadi nyingi hulegeza shina likaanguka.

Nyuki hulipenda mno. Kile tukionacho kuwa ua moja ni mamia ya maua madogo, yafunguayo duara baada ya duara kutoka ukingoni, hivyo chakula hudumu siku nyingi. Jihadhari na zile aina mpya zilizojaa vijani tele. Ni nzuri machoni, lakini nyuki hupata kidogo sana humo. Vichwa vikikauka visikatwe, kwani chiriku hula mbegu zake.

Wenyeji wa asili wa mbuga hizo walitumia mzizi wake kutuliza maumivu ya meno. Baadaye biashara ya dawa ilikua, na katika miaka ya 1990 mizizi ilichimbwa porini hata mahali pengine mmea ukawa haba. Atakaye kuupanda na atafute mbegu za bustanini.