Ndege wa Msituni na Ndege wa Kinamasini

Wasomaji wa gazeti letu, watu wengi wakisikia kwamba mtu amelipa fedha ili aonyeshwe ndege, hucheka. Husema, "Ndege si wako kila mahali? Mbona asitazame wale wa nyumbani kwake?" Basi nataka kueleza kazi hii ya kutazama ndege ni kazi gani, yafanywaje, na kwa nini yawapatia watu wa kwetu riziki. Nitaieleza kwa habari za safari ya siku mbili niliyoifanya pamoja na wenzangu watatu, tukiongozwa na watu wenye ujuzi. Siku ya kwanza tulikwenda katika msitu wa Mabira, na siku ya pili katika kinamasi cha Mabamba, kando ya Ziwa Victoria.

Kwanza yafaa tujue kwamba Uganda si nchi kubwa, lakini aina za ndege zilizoonekana humu zapita 1,000. Sababu yake ni hii: misitu mikubwa ya Kongo hufika mpaka magharibi ya nchi yetu, na mbuga za majani za Afrika Mashariki hutufikia kutoka upande wa pili. Katikati yake yako maziwa, mito na vinamasi. Kwa hiyo ndege wa pande zote hukutana hapa, kama watu wakutanavyo sokoni.

Vyombo vya kazi hii si vingi: darubini ya macho mawili, kitabu cha picha za ndege, daftari na kalamu. Nguo ziwe za rangi ya majani makavu, kwa maana nguo nyeupe ndege huiona kutoka mbali. Tena mtu asinyooshe mkono ghafula. Ndiyo sababu viongozi huonyesha ndege kwa kutaja saa. Mbele yako ni pale mkono wa saa uelekeapo juu kabisa, na mkono wa kuume ni robo ya mzunguko. Wageni wa Ulaya huhesabu juu kabisa kuwa kumi na mbili, na sisi twasema saa sita. Kwa hiyo kiongozi wetu alituuliza kwanza, "Tutasema saa ya Kizungu au saa ya kwetu?" Tulichagua ya kwetu, naye akiita "saa tisa", sote tuligeukia kuume pamoja.

MSITUNI

Msitu wa Mabira uko katika barabara iendayo Jinja kutoka Kampala, nao una ukubwa wa kilomita za mraba 300 hivi. Aina za ndege zilizohesabiwa humo zapita 300. Tuliingia alfajiri, kwa kuwa ndege huimba sana wakati ule, na jua likipanda hunyamaza.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba msituni sikio hutangulia na jicho hufuata. Miti ni mirefu, majani yamefungana, na ndege mdogo aliye juu ya mti huonekana kama jani moja zaidi. Kiongozi wetu alikuwa akisimama, akiinamisha kichwa, kisha akitaja jina la ndege ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemwona. Baadaye kidogo ndege yule yule alitokea pale alipotuelekeza. Alituambia kwamba alijifunza sauti hizo kwa miaka mingi, moja moja, kama mtu ajifunzavyo maneno ya lugha ngeni.

Mahali pamoja alituzuia tusiendelee. Siafu walikuwa wakivuka njia, maelfu kwa maelfu, na kando yao vijindege vya rangi ya kahawia vilikuwa vikirukaruka karibu na ardhi. Yafaa nieleze hapa, maana wengi hudhani kwamba ndege hao huja kula siafu. Sivyo. Siafu wakipita, panzi, buibui na wadudu wengine hukimbia kuokoa maisha yao. Hapo ndipo ndege huwadaka. Ziko aina za ndege ambazo huishi kwa kufuata majeshi hayo ya siafu, na pasipo msitu mkubwa siafu hao hupungua, na ndege nao hupotea.

Kisha tulisikia juu yetu mvumo wa mabawa, wakapita hondohondo wawili, weusi kwa weupe, wenye pembe juu ya midomo yao. Hondohondo hutaga katika tundu la mti mkubwa. Jike huingia ndani, na mlango huzibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba tu. Humo hukaa miezi mitatu hadi minne, akiatamia na kulea, na dume humletea matunda, hasa ya mikuyu, akimpitishia katika ufa ule. Basi fikirini: mti wenye tundu la kutosha hondohondo ni mti uliokua kwa miaka mingi sana. Ukikatwa huo, hata kama tukipanda miche mia mahali pake, hondohondo hana nyumba katika maisha yake. Naye ndiye atawanyaye mbegu za miti kwa kula matunda na kuzitupa mbali.

Mabira wenyewe umepita katika hatari. Mwaka 2007 palikuwa na shauri la kutoa kiasi cha robo ya msitu huu ili ipandwe miwa. Watu wengi walikataa, maandamano yakafanywa Kampala mwezi wa Aprili, na baadhi ya watu wakapoteza maisha yao. Shauri lile likasimamishwa, ingawa lilizungumzwa tena mwaka 2011.

KINAMASINI

Siku ya pili tulivuka kwa kivuko kutoka Nakiwogo, Entebbe, mpaka Buwaya, kisha tukafuata njia ya gari mpaka Mabamba. Hapo tuliingia katika mtumbwi, tukapita polepole katika vijia vya maji kati ya mafunjo. Kinamasi hiki kiliandikwa mwaka 2006 katika orodha ya mataifa ya vinamasi vyenye thamani kwa ulimwengu.

Kinamasini mambo ni kinyume cha msituni, kwa maana jicho hufika mbali. Tulimwona ndege mwenye vidole virefu sana akitembea juu ya majani ya mayungiyungi bila kuzama. Katika aina hiyo dume ndiye aatamiaye mayai na kulea watoto, na jike huenda kutafuta dume mwingine.

Lakini aliyetupeleka kule ni ndege domo-kiatu. Huyu ni wa rangi ya kijivu, kimo chake ni sentimita 110 hadi 140, na mdomo wake ni mpana kama kiatu cha mbao, wenye ndoana mbele. Jamaa zake wa karibu ni mwari na fundichuma. Wataalamu hukadiria kuwa waliobaki katika Afrika nzima ni kati ya 5,000 na 8,000 tu. Tulimkuta amesimama kama sanamu, wala hakutikisika kwa muda mrefu. Ghafula alijitupa majini kwa mwili wote, akainuka na samaki.

Samaki yule ndiye chanzo cha kisa kizima. Waganda humwita mamba, lakini si mamba tumjuaye kwa Kiswahili. Ni samaki mrefu mwenye mapafu, na kila baada ya muda lazima apande juu kuvuta hewa. Apandapo, domo-kiatu humngoja. Mvuvi naye humtaka samaki huyo huyo. Kwa hiyo zamani wavuvi wa Mabamba waliamini kwamba mtu akimwona domo-kiatu hatapata kitu siku hiyo, nao walimwua. Watalii walipoanza kuja kumtafuta, wale waliojua vijia vya maji na mahali asimamapo wakawa viongozi. Leo ndege yule yule aliyeitwa mkosi hulipa karo za watoto wao.

Mwenzetu mmoja mwenye kamera alitaka tusogee. Akasema, "Kidogo tu, ndugu yangu." Kiongozi akakataa, akachomeka upondo katika tope. "Akiruka leo kwa hofu," alijibu, "kesho atahamia mbali. Nami nitawaonyesha wageni nini?" Nadhani jibu hilo lina maana kubwa. Mtu hulinda kwa bidii kitu ambacho riziki yake imo ndani yake.

Hata hivyo si kila kinamasi kina domo-kiatu wa kuvuta watalii. Korongo mwenye taji, aliye katika bendera yetu tangu mwaka 1962, hutaga katika vinamasi vidogo vya vijijini, na hivyo ndivyo vinavyokaushwa kwa kilimo. Tangu mwaka 2012 amehesabiwa miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka. Huyo hatalindwa na fedha za wageni. Atalindwa na sisi tulio jirani zake, au hatalindwa na mtu.

Basi, ndugu zangu, mwaweza kuanza kazi hii hapa shuleni bila hata darubini. Chukueni daftari, na kila mwonapo ndege andikeni mambo matano: siku na saa, mahali, rangi na umbo, sauti yake, na alilokuwa akifanya. Ulizeni wazee nyumbani jina lake kwa lugha yenu, kwa maana majina hayo nayo yanapotea. Nanyi wanafunzi wa zamani mlio na mashamba kando ya kinamasi, hesabuni makorongo yenu mwaka huu, mwakani mhesabu tena, kisha mtuandikie katika gazeti hili kama wameongezeka au wamepungua.