Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Kinga ya Mwili na Mifupa Inayoliwa

Utangulizi

Mnamo mwaka 1984, Kamoya Kimeu aliokota kipande cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Uchimbaji uliofuata ulifichua mifupa ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mifupa hiyo ilidumu kwa kuwa haikuwa hai tena: madini ya ardhini yaliipenya ikageuka jiwe. Kusini mwa hapo, katika mji wa Lodwar, na umbali wa kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, huko Kakuma, mifupa ya mama aliye hai yaweza kudhoofika kwa miaka michache tu, hata kujikwaa mlangoni kukamvunja nyonga. Udhaifu huu ndio uitwao ostioporosisi. Aghalabu husemwa kwamba ni uzee tu. Makala haya yanaeleza kwamba mfumo wa kinga una mkono wake katika jambo hili, na kwamba maneno yatumiwayo kulieleza yana uzito mkubwa kwa mgonjwa.

Mfupa ni kama awi

Mfupa si nguzo ya saruji. Unafanana zaidi na awi, yaani boma la mfugaji wa Kiturkana, ambalo wanawake hulijenga, hulibomoa familia inapohama, kisha hulijenga upya. Kila mwaka takribani asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima hubomolewa na kujengwa tena. Wabomoaji ni seli ziitwazo ostioklasti, na wajenzi ni ostioblasti. Ubomoaji wa sehemu moja huchukua wiki 3 hivi, ilhali ujenzi wake huhitaji miezi 3 au zaidi. Hivyo basi, wabomoaji wakiongezeka, wajenzi huachwa nyuma na mashimo hubaki. Mwenye mifupa hiyo hahisi maumivu yoyote mpaka siku inapovunjika, hasa kwenye kifundo cha mkono, uti wa mgongo au nyonga.

Undugu wa seli

Kinga huingiaje katika shughuli hii? Jibu la kwanza ni la nasaba. Ostioklasti huzaliwa katika ukoo mmoja wa seli za uboho na zile chembechembe nyeupe zinazomeza vijidudu. Mla mfupa na mla vijidudu, kwa hiyo, ni ndugu wa damu. Mnamo mwaka 1972, watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa chembechembe nyeupe zikichochewa hutoa kitu kinachosababisha mfupa kuliwa. Kufikia mwaka 2000, uhusiano huu ulikuwa umepewa jina lake, ostioimunolojia.

Jibu la pili ni la mawasiliano. Ili ostioklasti changa ikomae, sharti ipokee amri kupitia protini iitwayo RANKL. Kwa kawaida amri hiyo hutolewa na seli za mfupa wenyewe. Hata hivyo, seli T za kinga zinapopambana na maradhi, nazo huweza kuitoa. Isitoshe, hutoa kemikali nyingine, mathalani TNF na IL-17, ambazo huzidisha makali ya amri hiyo. Kinyume chake ipo protini ya ostioprotejerini, ambayo huinasa RANKL kabla haijafika. Afya ya mfupa hutegemea mizani baina ya hizi mbili.

Homoni ya estrojeni huilinda mizani hiyo. Mwanamke anapokoma hedhi, estrojeni hushuka, kinga hupoteza mmoja wa wasimamizi wake, na TNF huongezeka. Baadhi ya wanawake hupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yao katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo. Katika baadhi ya majaribio, panya waliotolewa ovari lakini wasiokuwa na seli T hawakupoteza mfupa kama wenzao.

Hali ya Lodwar na Kakuma

Jua la Turkana ni kali, na ngozi hulitumia kutengeneza vitamini D inayosaidia mwili kufyonza kalisi. Maziwa ya ngamia na mbuzi nayo yana kalisi hiyo. Lakini ukame wa kati ya mwaka 2020 na 2023 uliangamiza mifugo mingi, na kibuyu kikikauka mifupa nayo hukosa riziki.

Yapo pia maradhi yanayoiweka kinga vitani kwa muda mrefu. Kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo na kuleta kibiongo. Kibiongo hicho kwa macho tu chaweza kudhaniwa kuwa cha ostioporosisi au cha uzee, ilhali tiba zake ni tofauti kabisa. Virusi vya UKIMWI navyo huvuruga seli B, ambazo huchangia ostioprotejerini, na hivyo mizani huinamia upande wa ubomoaji. Dawa ya tenofovir, inayotumika sana nchini Kenya, hupunguza uzito wa mifupa kwa kiasi fulani, hasa katika mwaka mmoja au miwili ya mwanzo, kisha hali hutulia.

Tatizo la sitiari

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, imekusanya watu wa mataifa mengi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha wao kwa wao na wenyeji wao Waturkana. Kwa miaka mingi, wahamasishaji wa afya wamezieleza chembechembe nyeupe kuwa askari wa mwili. Sitiari hiyo ilifaa kueleza UKIMWI, lakini kwa ostioporosisi inapotosha, kwani askari hodari ndio hao hao wanaoamuru nyumba ibomolewe. Kitenzi kula nacho kina hatari yake. Bibi akiambiwa kwamba dawa zake zinakula mifupa, huenda akazitupa, na virusi vikamwangamiza kabla ya mfupa wowote kuvunjika. Ukweli ni kwamba akiziacha, kinga itazidi kuvurugika na mifupa yake haitapona kwa hilo.

Sitiari ya boma ingefaa zaidi. Bibi huyo anajua kwa mikono yake kwamba kubomoa si uovu, mradi kujenga kusichelewe. Akielezwa kwamba maradhi na kukoma hedhi huwaharakisha wabomoaji, ataona kwa nini ameze dawa zake, anywe maziwa yapatikanapo, atembee, aache tumbaku, na aende hospitalini mgongo unapoinama.

Hitimisho

Methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako inaafiki hali hii, ila katika ostioporosisi alaye ni mlinzi mwenyewe. Tiba nayo imejifunza kwake: dawa ya denosumab, iliyoidhinishwa mwaka 2010 huko Ulaya na Marekani, ni kingamwili iliyotengenezwa ili kuinasa RANKL. Silaha ya kinga imetumiwa kumtuliza mlinzi. Dawa za namna hiyo zitakapofika kwa wagonjwa wa Lodwar na Kakuma, zitahitaji kuelezwa. Ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuandaa maneno hayo mapema, na kuyapima kwa masikio ya wale watakaoambiwa.