Kipimo cha Bomba au cha Umeme: Kipi Kifaacho Gari Lako?

Mwenye gari la zamani hana budi kuvijua vyema vipimo viwili vilivyo mbele ya usukani: kipimo cha joto la maji na kipimo cha presha ya oili. Hivyo ndivyo walinzi wa injini. Vikiharibika, mwenye gari huulizwa na fundi: je, tuweke kipimo cha bomba au cha umeme? Swali hili si geni kwa mafundi wa jua kali wa pande za Donholm, Nairobi, huko iendako Jogoo Road, iliyoitwa zamani Doonholm Road.

Mimi nalipata kulijua jambo hili kwa hasara. Nilikuwa na pikapu kuukuu, nikileta maembe kutoka Machakos. Kipimo cha joto kilikuwa kimekufa, nami nikasema, "Nitakitengeneza mwezi ujao." Siku moja mpira wa rejeta ulianza kuvuja njiani, maji yakapungua pole pole, nami sikujua neno mpaka injini iliponyamaza. Hedi ilikuwa imepinda. Maembe yaliozea njiani, na fedha niliyoweka kwa ada ya shule ya mwanangu ikaenda kwa fundi.

Basi tuvitazame vipimo hivi kimoja kimoja.

Kipimo cha bomba hakihitaji umeme. Ndani yake mna kijibomba kilichopindwa mfano wa mundu. Presha ikiingia, kijibomba hujinyoosha kidogo, na mshale husogea. Mfaransa Eugène Bourdon ndiye aliyepata hati ya uvumbuzi huu mwaka 1849. Uzuri wake ni kwamba hata betri ikiwa dhaifu, kipimo husema kweli. Lakini kile cha oili kina hatari yake: bomba jembamba huileta oili yenyewe, ingali moto, mpaka mbele ya dereva. Bomba likisuguana na chuma na kutoboka, oili humwagika miguuni, na injini hubaki kavu. Kile cha joto hakileti maji, bali bomba lake limezibwa kiwandani, na ndani mna kitu kigeukacho mvuke upesi. Likikatika haliungiki, kipimo chote hutupwa.

Katika kipimo cha umeme, sensa hufungwa kwenye injini, na waya hupeleka habari kwa dereva. Oili haiingii ndani ya gari, na waya waweza kuwa mrefu, jambo lifaalo sana kwa basi lenye injini nyuma. Lakini umeme hutaka njia safi. Sensa nyingi zina waya mmoja tu, na umeme hurudi kwa kupitia chuma cha injini. Kutu ikiingia, au fundi akizungusha mno ule utepe mweupe wa mabomba, njia huzibika na kipimo husema uongo. Tena sensa na kipimo sharti viwe jozi moja, la sivyo havitaelewana. Na ukiona mishale ya petroli na ya joto imepanda pamoja, usiilaumu injini upesi. Katika magari mengi ya zamani, huenda kimeharibika kile kifaa kinachogawia vipimo umeme.

Shauri langu ni hili. Ikiwa injini iko mbele na waendesha mwenyewe, kipimo cha oili cha bomba chakufaa, mradi bomba lipitishwe katika mpira pale linapotoboa chuma. Ikiwa wachukua abiria, chagua cha umeme, ili oili ya moto isifike karibu na watu. Uendapo Kirinyaga Road kununua vipuri, chukua sensa ya zamani mkononi, na ujue kama gari lako ni la volti 12 au 24.

Wala usiitegemee ile taa nyekundu ya oili peke yake. Katika magari mengi haiwaki mpaka presha ishuke hadi paundi 5 au 7 hivi kwa kila inchi ya mraba. Gari likiwa mwendoni, hapo beringi zimekwisha kuumia. Nairobi nayo iko juu ya meta 1,600, na maji yaliyo wazi huchemka huku karibu na nyuzi 95, si 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kiyazuiacho. Kikiwa kibovu, maji hutoka mapema. Tena kumbuka kwamba sensa hupima maji: yakiisha kabisa, mshale waweza kushuka hali injini inaungua. Kwa hiyo mshale ukiacha mahali pake pa kila siku, ukipanda au ukishuka ghafula, simama, zima injini, ungoje ipoe kabla ya kufungua kifuniko.

Dalili ya mvua ni mawingu. Kipimo, kiwe cha bomba au cha umeme, hakimfai kitu dereva asiyekitazama, wala yule asemaye kama mimi, "Mwezi ujao."