Rakuba ya Gari na Mpaka wa Jirani



Wengi wetu hapa Juba tumeanza kumiliki vyombo vya moto. Mmoja ana senke ya kutafutia riziki baada ya zamu, mwingine ameunganisha akiba na shemeji yake wakanunua pikapu kuukuu. Chombo kikiingia uani, linalofuata ni kivuli. Jua la Februari linakausha mipira, na mvua za Aprili hadi Oktoba zinaleta kutu. Basi mtu anasimamisha nguzo nne, anaezeka mabati, na anasema: hii ni rakuba tu, si nyumba.

Hapo ndipo tunapokosea. Nguzo ikishaingia ardhini, ni ujenzi.

Mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku, anayekaa Gudele, alipima kwa hatua za miguu kutoka kwenye mwarobaini, maana ndivyo alivyoonyeshwa siku ya kununua. Bati akaliinamisha upande wa jirani. Mvua kubwa ya kwanza ilimwaga maji yote kwenye ukuta wa udongo wa jirani huyo, ukaanguka. Mpimaji alipoletwa, nguzo mbili zilikutwa ng'ambo ya mpaka. Mwenzetu alibomoa kwa mikono yake na akalipa ukuta. Akiba ya miezi minane ikaisha, na salamu za jirani zilichelewa sana kurudi.

Inafaa tuijue sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2009, iliyotungwa kabla ya uhuru wa 2011, inasema ardhi ni mali ya wananchi na serikali inasimamia matumizi yake. Ardhi imegawanywa mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya binafsi. Ndani ya mji viwanja vina madaraja, na kila daraja lina ukubwa wake, muda wake wa kukodi na aina yake ya ujenzi. Nje ya maeneo yaliyopimwa kuna ardhi ya jamii, hasa ya Wabari, na huko machifu na wazee wana sauti.

Tusisahau pia mwaka 2009, serikali ya jimbo ilipobomoa makazi mengi mjini Juba. Waliojenga kwenye njia na ardhi ya umma waliona mabati yao yakikunjwa.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kuchimba shimo:

Kwanza, tafuta vigingi vya kiwanja. Visipoonekana, mwite mpimaji wa serikali, na jirani awepo akishuhudia.

Pili, uliza ofisi ya ardhi ya jimbo na Baraza la Jiji kama kibali kinatakiwa, na uache nafasi gani kutoka mpakani na barabarani. Usikisie. Jibu liandikwe, na risiti itunzwe.

Tatu, inamisha bati upande wako, uchimbe mfereji ndani ya kiwanja chako. Maji yako ni mzigo wako.

Nne, usitoe nguzo wala paa nje kwenye njia. Njia ni ya wote, na siku ya moto au ya mgonjwa gari lazima lipite.

Tano, kama umepanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Iandikwe pia mabati na nguzo vitakuwa vya nani siku utakapohama. Wengi wetu tumeacha jasho letu kwenye viwanja vya watu kwa kukosa karatasi moja.

Asiyesoma vizuri asione haya. Alete karatasi tawini kabla ya kutia sahihi, tuisome pamoja. Kuuliza si ujinga.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenzetu wa Gudele aliujenga kweli, tena wa jirani. Tupime kwanza, ndipo tujenge.