Kilabu Kinapofungwa, Ni Nani Atakayelinda Kiasi?

Katika nchi ya Buha, kama ilivyo kwa jirani zetu wa Burundi, pombe ya ndizi ilikuwa na kazi nyingi kuliko kukata kiu. Ilitangulia posa, ilisindikiza mahari, iliwashukuru majirani waliosaidia kulima, na iliwakalisha pamoja waliofiwa. Leo, kutoka Kasulu na Buhigwe hadi mitaa ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, chungu kinazidi kuipisha chupa, na kilabu cha pombe ya kienyeji kinaziachia nafasi baa na grosari. Wapo wanaofurahi wakidhani kwamba ulevi umepungua. Wapo wanaosikitika wakiona utamaduni unazikwa. Mwamini anaalikwa kutazama kwa undani zaidi, kwa maana pamoja na kinywaji kumeondoka pia mazingira yaliyokuwa yakimsaidia mnywaji kujiwekea mipaka.

Mipaka iliyokuwa ndani ya chungu

Ndizi za pombe huvundikwa hadi ziive, hukamuliwa kwa nyasi, kisha maji yake huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, yakaachwa yachachuke kwa siku moja hadi tatu. Pombe hiyo haihifadhiki. Baada ya siku chache huchacha mno, ikawa kama siki. Kwa sababu hiyo hupikwa kwa siku maalumu, hunywewa na wengi kwa pamoja, na inapokwisha, imekwisha mpaka mkungu mwingine uive. Tena kileo chake hakifikii nguvu ya pombe kali, kwa kuwa hamira inayochachusha pombe hudhoofika kadiri kileo kinavyoongezeka.

Zaidi ya hayo, mnywaji hakuwa peke yake. Aliketi mbele ya baba wakubwa, mashemeji na majirani. Aliyezidisha alijulikana siku ileile, na wazee walikuwa na haki ya kumwonya.

Si kwamba vilabu vilikuwa mahali patakatifu. Humo pia zilizuka ngumi, na wako kina mama waliopigwa na watoto waliolala njaa kwa sababu ya kile kilichonywewa kilabuni. Hata hivyo, mila ilikuwa imezungusha ua kuzunguka chungu, nao ua huo sasa umebomoka.

Sababu za mabadiliko

Sababu ya kwanza imetoka shambani. Mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria uliothibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006 na baadaye kuenea hadi mkoa wetu wa Kigoma, umeishambulia vikali migomba ya pombe. Wadudu wanaotembelea maua yake huhamisha vimelea kutoka mgomba hadi mgomba. Palipokosekana ndizi, kilabu kilikosa cha kuuza.

Sababu ya pili ni mji na mshahara. Tangu reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, bandari imekuwa ikiwavuta watu wanaoishi kwa fedha taslimu, mbali na ukoo na mashamba yao. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 nayo ilidai leseni na saa maalumu za kuuza. Taratibu kilabu kikaanza kuonekana kuwa mahali pa maskini, na chupa ya kiwandani ikawa alama ya mtu aliyeendelea.

Sababu ya tatu, na ya hatari zaidi, ni kinywaji kikali cha bei nafuu. Kwa miaka kadhaa pombe kali iliuzwa katika vifuko vya plastiki vilivyoitwa viroba, hadi Serikali ilipovipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, lakini kiu haikuondolewa pamoja na vifuko: vichupa vidogo vya plastiki na vya kioo vipo madukani.

Tufanye hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina mililita 25 za kileo halisi. Kiroba cha mililita 100 chenye asilimia 35 kilibeba mililita 35, yaani zaidi ya chupa nzima ya bia. Kichupa cha mililita 200 cha kinywaji hicho kina mililita 70, karibu sawa na bia tatu. Kijana wa bodaboda aweza kukimaliza kwa dakika chache akiwa amesimama, kisha akampakia abiria. Chungu kilihitaji mchana mzima na watu kumi. Kichupa huingia mfukoni, na hakuna anayeona.

Mialoni nako kuna jambo lake. Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika hutegemea usiku wa giza, taa zinapowavuta samaki. Siku za mbalamwezi wavuvi wa Kibirizi, Katonga na mialo mingine hupumzika. Huo ndio wakati ambao fedha za mavuvi zimo mfukoni na kazi hakuna. Familia nyingi huinuka au huanguka katika siku hizo chache.

Hatari ya gongo

Pombe ya kienyeji inapoadimika na ya dukani kuwa ghali, wengine hukimbilia gongo, inayopikwa kwa siri kinyume cha sheria. Mnywaji hawezi kujua nguvu yake wala kilichochanganywa ndani. Baya kuliko yote ni methanoli, aina ya kileo cha viwandani isiyotofautika kwa macho na pombe ya kawaida. Mwilini hugeuka kuwa sumu inayoharibu mshipa wa macho na kuua. Mwezi Mei mwaka 2014 watu wengi walipoteza maisha nchini Kenya, na wengine wakapofuka, baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Aliyekunywa kisha akaanza kuona ukungu, kutapika au kuhema kwa shida, apelekwe hospitali mara moja. Asiachwe alale kwa kudhaniwa kuwa amelewa tu.

Mafundisho ya Kanisa

Kanisa halijapata kufundisha kwamba divai au pombe ni dhambi kwa asili yake. Bwana wetu alifanya ishara yake ya kwanza katika harusi ya Kana (Yn 2:1-11), na divai ni tunda la mzabibu linaloletwa altareni. Yoshua bin Sira (Sira 31:25-31) anaisifu divai inayonywewa kwa kipimo, na papo hapo anaonyesha uchungu na ugomvi wa aliyezidisha. Mtume Paulo anawaonya Waefeso dhidi ya ulevi (Efe 5:18).

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafafanua kiasi kuwa fadhila ya kimaadili inayotawala mvuto wa anasa na kuuwezesha utashi kuzitawala silika (na. 1809). Fadhila hiyo hutuepusha na kila aina ya kupita kiasi, iwe katika chakula, kileo, tumbaku au dawa, na anayehatarisha usalama wa wengine barabarani, majini au angani kwa sababu ya ulevi ana hatia kubwa (na. 2290). Nahodha wa mtumbwi na dereva wa bodaboda wasidhani kwamba mafundisho haya yanawahusu watu wengine.

Kazi iliyo mbele yetu

Ikiwa ua wa zamani umebomoka, familia na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaitwa kujenga mwingine.

Kwanza, tuanze na sherehe zetu wenyewe. Kamati za harusi, ubatizo na kipaimara mara nyingi hutenga fungu kubwa la michango kwa ajili ya vinywaji. Je, sakramenti inaadhimishwa, au inatafutiwa kisingizio? Jirani zetu Waislamu wa Ujiji hufanya harusi zenye furaha kubwa bila kileo. Huo ni ushuhuda ulio mlangoni petu.

Pili, tuwape wanaume mahali pa kuketi. Wengi hawakwendi kilabuni kwa ajili ya pombe peke yake; walitafuta mazungumzo, habari na faraja. Mahali ambapo UWAKA hukutana kwa michango na uchaguzi tu, mwanaume aliyefiwa au aliyekosa kazi hapati wa kumsikiliza, na atakwenda anakosikilizwa.

Tatu, tusiwahukumu kina mama wanaopika pombe bila kuuliza inamlipia nani ada. WAWATA na vikundi vya kuweka na kukopa viwasaidie kupata biashara nyingine, kama dagaa, mawese au bustani za mboga, kabla ya kuwataka waache ile inayowalisha watoto wao.

Nne, aliyefungwa na kileo ni mgonjwa anayehitaji tiba, sala na urafiki. Ajongee Kitubio, aende pia kwa mganga wa hospitali. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla bila uangalizi, kwa sababu mwili uliozoea kileo waweza kupata degedege hatari. Jumuiya imtembelee kabla hajaanguka mtaroni, wala isingoje siku ya mazishi yake.

Taifa la Mungu, vilabu vitaendelea kufungwa na vichupa vitaendelea kuletwa sokoni. Jukumu la kulinda kiasi, ambalo zamani lilibebwa na chungu na wazee, sasa liko mikononi mwa kila dhamiri na kila Jumuiya. Roho Mtakatifu atujalie nguvu ya kulibeba.